Wasumeri wa Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara mtu anapoanza kusoma habari za Wasumeri. Tumeanza na ya msingi. Jambo likiwa limeshaelezwa kwingine, utaelekezwa kwenye swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Wasumeri walikuwa nani, na waliishi wapi?

Waliishi kusini mwa nchi tunayoiita leo Iraki, kwenye tambarare ya mito Hidekeli na Frati, karibu na pale mito hiyo inapoingia Ghuba. Nchi yao haikuwa na mawe ya kujengea, wala mbao ngumu, wala madini. Ilikuwa na udongo, matete, maji ya mto na jua kali. Kwa vitu hivyo walijenga baadhi ya miji ya kwanza duniani: Eridu, Uruk, Uru, Nippur, Lagash, Umma, Shuruppak. Karibu mwaka 2900 KK, Uruk ulizungukwa na ukuta wa zaidi ya kilomita 9, na ndani yake walikaa makumi ya maelfu ya watu.

Jina "Sumeri" tumelipata kwa majirani zao Waakadi. Wenyewe waliiita nchi yao Kengir.

2. Waliishi lini hasa?

Vijiji vya wakulima vilikuwepo Eridu kabla ya 5000 KK. Miji mikubwa na maandishi vinaonekana Uruk kati ya 3500 na 3100 KK. Kisha zikaja karne nyingi za miji yenye kujitawala, mpaka Sargon wa Akadi alipoishinda yote karibu 2334 KK. Wasumeri walirudi madarakani chini ya wafalme wa Uru, tangu Ur-Nammu (karibu 2112 KK) hadi mji huo ulipoanguka karibu 2004 KK. Kilichofuata kimeelezwa katika swali la 19.

3. Je, Wasumeri ndio Wababeli?

Hapana. Babeli ulikuwa mji mdogo Wasumeri walipokuwa katika kilele chao. Wababeli walisema Kiakadi, lugha ya jamii moja na Kiarabu na Kiebrania. Hata hivyo walirithi kwa Wasumeri miungu, mwandiko, shule na hesabu, ndiyo maana watu wengi huwachanganya. Hammurabi alitawala Babeli zaidi ya miaka 200 baada ya Uru kuanguka.

4. Wanatajwa katika Biblia?

Kwa jina la Wasumeri, hapana, lakini miji yao imo. Mwanzo 10:10 inataja Ereku katika nchi ya Shinari, na Ereku ndiyo Uruk. Uru wa Wakaldayo, alikotoka Ibrahimu, kwa kawaida hutambuliwa kuwa Uru huuhuu wa Wasumeri. Katika Ezekieli 8:14 kuna wanawake wanaomlilia Tamuzi. Huyo ni Dumuzi, mungu mchungaji wa Kisumeri aliyeombolezwa kila mwaka wakati majani yanapokauka. Mpaka leo Iraki na Shamu, mwezi wa Julai unaitwa Tamuzi.

5. Walijiita "watu wenye vichwa vyeusi". Je, walikuwa Waafrika?

Wasomaji wengi wa kwetu huuliza hili, na wanastahili jibu la wazi. Maneno yenyewe ni *sag-giga*, "kichwa cheusi". Yanataja kichwa, hayataji ngozi, na wengi huyaelewa kuwa yanahusu nywele. Waakadi waliuchukua msemo huohuo na kuutumia kwa maana ya wanadamu wote walio chini ya ulinzi wa miungu. Kwa hiyo msemo huu peke yake hauthibitishi asili ya Kiafrika, wala asili nyingine yoyote. Afrika ilikuwa na mambo yake makubwa karne hizohizo, huko Misri na Nubia.

## Lugha, maandishi na shule

6. Kisumeri kina undugu na lugha gani? Nimesikia kinafanana na Kiswahili.

Hakina ndugu anayejulikana, aliye hai wala aliyekufa. Pamoja na hayo, anayesema Kiswahili huona muundo wake kwa urahisi kuliko Mzungu, kwa sababu Kisumeri nacho hupachika viambishi vingi kwenye kitenzi kimoja. Katika matofali ya Uru kuna maneno yaliyopigwa chapa: *e-ani munadu*. *E* ni nyumba, *ani* ni "yake", na *munadu* ni "alimjengea". Neno moja limebeba mtendaji, mtendewa na tendo, sawasawa na letu. Maana yake ni kwamba mfalme Ur-Nammu alimjengea mungu Nanna nyumba yake.

Kisumeri kilikuwa pia na ngeli, ila mbili tu. Moja ya watu na miungu, nyingine ya vitu vyote vilivyobaki, wanyama wakiwemo. Mfanano huu ni wa umbo, kama nyumba mbili zilizojengwa na mafundi wasiojuana. Undugu wa damu haupo.

7. Kwa nini walianza kuandika?

Kwa sababu ya hesabu za ghala. Vibao vya udongo vya mwanzo kabisa, vya Uruk, karibu 3200 KK, karibu vyote vinahesabu: shayiri iliyoingia, bia iliyotoka, kondoo, vibarua. Vichache vilivyobaki ni orodha za maneno kwa ajili ya kujifunzia, kama orodha ya vyeo na kazi za watu. Mashairi na sala vilichelewa kuandikwa kwa karne kadhaa.

Alama za kwanza zilikuwa picha. Bakuli lilimaanisha chakula, na kichwa cha mtu chenye bakuli mdomoni kilimaanisha "kula". Bakuli hilo tunalo mkononi. Wachimbaji wamefukua mabakuli ya namna hiyo kwa maelfu, mabaya kwa sura, yamefinyangwa upesiupesi, ukingo umekatwa mshazari, na wengi huamini kwamba yalitumika kugawia posho. Baadaye makarani wakagundua njia ya kuandika kisichochoreka. *Ti* ilikuwa "mshale" na pia "uhai", basi aliyetaka kuandika uhai alichora mshale. Hapo maandishi yakaanza kufuata sauti.

Picha zenyewe zikaachwa taratibu. Karani aligandamiza ncha ya tete kwenye udongo mbichi, na kila mgandamizo ukaacha alama ya kabari, ndipo likapatikana jina mwandiko wa kikabari. Neno letu "kalamu", lililotufikia kwa Kiarabu, asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya tete.

8. Watoto wao walisoma?

Wachache, hasa wavulana wa makarani na wenye uwezo. Shule iliitwa *edubba*, "nyumba ya vibao". Mara nyingi ilikuwa nyumba ya kawaida ya mwalimu, wanafunzi wakikaa uani. Katika nyumba moja ndogo ya Nippur, iliyofukuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, vilipatikana vipande zaidi ya 1,000 vya vibao vya mazoezi.

Limebaki andiko moja la shuleni ambalo ukilisoma hulisahau. Mtoto anaamka mapema, anamhimiza mama yake ampe chakula cha mchana, anapewa mikate miwili, anakimbia. Anachelewa. Anachapwa kwa kuongea, anachapwa kwa kusimama, anachapwa kwa kutoka nje ya lango, anachapwa kwa sababu mwandiko wake si mzuri, na anachapwa kwa kutosema Kisumeri. Anarudi nyumbani na kumwomba baba yake amwalike mwalimu. Baba anamkalisha mgeni mahali pa heshima, anamlisha, anamvika nguo mpya na kumtia pete kidoleni. Papo hapo mwalimu anaanza kumsifu mtoto na kumtabiria makubwa.

Viboko vya lugha vina sababu. Nakala nyingi za andiko hili ni za karne ya 18 KK, wakati ambapo nyumbani watoto walisema Kiakadi. Methali yao inauliza: karani asiyejua Kisumeri, huyo ni karani gani? Aliyewahi kuchapwa shuleni kwa kuongea lugha ya kwao ataelewa uzito wa methali hiyo.

9. Kiswahili kina neno lolote la Kisumeri?

Lipo, na limepita mikono mingi. Wasumeri waliiita ikulu *e-gal*, "nyumba kubwa". Waakadi wakalitamka *ekallu*, Waebrania *hekal*, Waarabu *haykal*, nasi tukapokea hekalu. Wasumeri wenyewe hekalu waliliita *e* tu, yaani nyumba, kwa kuwa ni mahali mungu anapoishi.

10. Ni kweli dakika 60 za saa zimetoka kwao?

Ndiyo, kwa safari ndefu. Wasumeri walihesabu kwa mafungu ya 60. Wababeli waliuchukua mfumo huo kwa hesabu za nyota, Wagiriki wakaupata kwao, na kutoka hapo ukafika kwenye saa zetu na kwenye nyuzi 360 za duara.

## Nyumba, chakula na kazi

11. Mtu wa kawaida aliishi na kula vipi?

Mjini, nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba vikizunguka ua mdogo, paa likiwa la mbao za mtende, mikeka na udongo. Vyumba vilitazama ndani, na njia za nje zilikuwa vichochoro vyembamba. Vinamasini watu walijenga kwa matete yaliyofungwa vitita na kupindwa kuwa matao. Nyumba za namna hiyo zimechongwa kwenye vyombo vya mawe vya Uruk, na wakazi wa vinamasi vya kusini mwa Iraki wanazijenga hadi leo.

Chakula kikuu kilikuwa shayiri, kwa mkate na kwa uji. Ngano ilikuwepo, lakini shayiri huvumilia zaidi chumvi, na mashamba ya kumwagilia yalikuwa yakijaa chumvi. Walikula pia samaki, vitunguu, dengu, tende na mafuta ya ufuta. Nyama ilikuwa ya sikukuu kwa watu wengi.

Bia ilikuwa chakula zaidi ya anasa, na ilikuwa na mungu wake wa kike, Ninkasi. Ilitengenezwa kwa kimea cha shayiri na ilikuwa nzito, yenye makapi juu. Katika mihuri yao utaona watu wameketi kukizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mrija ulipita chini ya makapi. Matajiri walikuwa na mirija iliyopambwa kwa dhahabu.

12. Walilipwaje kabla ya kuwepo sarafu?

Kwa posho. Wakati wa wafalme wa mwisho wa Uru, kibarua mwanamume alipewa kwa kawaida lita 60 hivi za shayiri kwa mwezi na mwanamke lita 30, pamoja na mafuta, na sufu au nguo kwa mwaka. Fedha, yaani madini yenyewe, ilipimwa kwa uzito. Shekeli moja, kama gramu 8, ilihesabiwa kuwa sawa na lita 300 hivi za shayiri. Tofauti ya posho ya mwanamke na mwanamume imeandikwa bila kificho, mwezi baada ya mwezi, na ukisoma vibao hivyo vingi kwa pamoja inauma.

13. Wanawake walikuwa na nafasi gani?

Inategemea mwanamke yupi. Mwanamke huru aliweza kumiliki mali, kununua na kuuza nyumba, kushuhudia mkataba na kuwa na muhuri wake. Katika dola ya Lagash, karibu 2400 KK, mke wa mtawala aliendesha taasisi nzima iliyoitwa *e-mi*, "nyumba ya mwanamke", yenye mashamba, wavuvi, wapishi wa bia na wafumaji. Vibao vyake zaidi ya 1,500 vimetufikia. Baranamtara, mmoja wa wake hao, alipelekeana zawadi na mke wa mtawala wa mji wa Adab. Malkia Puabi wa Uru alizikwa na muhuri wa jiwe la buluu wenye jina na cheo chake, bila kutajwa mume.

Enheduanna ni wa kukumbukwa kuliko wote. Binti huyu wa Sargon alikuwa kuhani mkuu wa mungu Nanna huko Uru karibu 2300 KK. Tungo zilizobeba jina lake zinamfanya kuwa mtunzi wa kwanza duniani tunayemjua kwa jina. Damu yake ilikuwa ya Kiakadi, ila tungo zinazohusishwa naye ni za Kisumeri.

Kisha wapo wafumaji, maelfu ya wanawake katika karakana za Lagash, na watoto wao kando yao. Posho zao ni zile za swali la 12, na wengi wao tunayo majina tu.

14. Walikuwa na watumwa?

Walikuwa nao. Wengine walitekwa vitani, wengine waliuzwa kwa ajili ya deni. Alama ya mtumwa wa kike imeundwa kwa alama ya mwanamke na alama ya mlima, yaani mwanamke aliyeletwa kutoka nchi za milimani.

Kwa wale wa madeni kulikuwa na neno *amargi*. Mtawala akifuta madeni, watu waliowekwa rehani waliachiliwa warudi makwao, na tendo hilo liliitwa hivyo. Tunalitafsiri "uhuru", lakini maana yake hasa ni "kurudi kwa mama".

## Utawala, sheria na biashara

15. Nani alitawala?

Kwa muda mrefu hapakuwa na mfalme mmoja wa nchi nzima. Kila mji ulikuwa na mungu wake na mtawala wake, aliyeitwa *en*, *ensi* au *lugal*. *Lugal* ni "mtu mkubwa". Miji iligombana, hasa kwa ajili ya maji na mashamba. Lagash na Umma walipigania mpaka mmoja kwa vizazi kadhaa, na sehemu ya ugomvi huo imechongwa kwenye jiwe lililoko katika makumbusho ya Louvre, Paris, ambapo tai wanabeba vichwa vya maadui.

16. Ni kweli walikuwa na sheria kabla ya Hammurabi?

Ndiyo. Sheria za kale kuliko zote zilizopatikana ni za Ur-Nammu, karibu 2100 KK. Muuaji aliuawa, lakini aliyemjeruhi mwenzake alilipa fedha: mina moja, yaani shekeli 60, kwa kuvunja mfupa, na shekeli 2 kwa jino. Hammurabi baadaye alidai jicho kwa jicho watu wa tabaka la juu walipoumizana. Katika utangulizi wake, Ur-Nammu anasema hakumtoa yatima kwa tajiri, wala mjane kwa mwenye nguvu, wala mtu wa shekeli moja kwa mtu wa mina moja.

Kabla yake, karibu 2350 KK, Uru-inimgina wa Lagash alipunguza malipo yaliyowaelemea watu. Mazishi yaligharimu magudulia 7 ya bia na mikate 420 kwa wahusika wa makaburi. Akayashusha kuwa magudulia 3 na mikate 80. Kwa familia iliyofiwa, tofauti hiyo ilikuwa kubwa.

17. Walifanya biashara na nani?

Na karibu kila mwenye kitu walichokosa. Shaba na jiwe jeusi gumu la sanamu vilitoka Magan, ambayo ni Oman ya leo na pwani jirani. Njiani palikuwa na Dilmun, yaani Bahrain. Mbali zaidi palikuwa Meluhha, bonde la Indus. Jiwe la buluu, lapis lazuli, lilitoka milima ya Afghanistan. Wao walitoa nguo za sufu, shayiri na mafuta.

Wengi huuliza kuhusu Ea-nasir, mfanyabiashara wa Uru aliyelaumiwa na mteja wake Nanni kwa kumpa shaba mbovu. Barua hiyo ni ya kweli, lakini ni ya karibu 1750 KK na imeandikwa kwa Kiakadi. Aliishi katika mji wa Wasumeri, ila baada ya zama zao.

## Miungu, wafu na yaliyobaki

18. Ziggurat ilikuwa kaburi kama piramidi? Na Anunnaki walitoka sayari nyingine?

Hapana kwa yote mawili. Ziggurat ni jukwaa la matofali lenye ngazi za kupandia, na juu yake palikuwa na nyumba ya mungu. Ile ya Uru ina msingi wa mita 64 kwa 45 hivi. Kila mji ulikuwa na wake: Enlil alikaa Nippur, Enki Eridu, Inanna Uruk.

Anunnaki ni jina la miungu wakubwa, lenye maana ya uzao wa kifalme. Hakuna kibao kinachosema walikuja kwa chombo kutoka sayari nyingine. Hadithi hiyo ilianza kuenea miaka ya 1970, na inawanyang'anya watu halisi, waliochimba mifereji kwa mikono yao, jasho lao.

19. Wasumeri waliishia wapi?

Hawakutoweka siku moja. Karibu 2004 KK Waelami, majirani zao wa mashariki, waliteka Uru na kumchukua mfalme wake wa mwisho, Ibbi-Suen. Watu walibaki, wakachanganyika na Waakadi na Waamori, na watoto wakakua na lugha nyingine. Kisumeri kiliendelea kuandikwa na makuhani na wasomi mpaka karibu zama za Kristo.

20. Ni kweli watu waliuawa ili wazikwe na wafalme?

Ndiyo, huko Uru, karibu 2500 KK. Mwanaakiolojia Mwingereza Leonard Woolley alichimba makaburi hayo kati ya 1922 na 1934. Katika shimo moja zilikuwemo maiti 74, nazo 68 zilikuwa za wanawake waliovaa mapambo ya dhahabu na fedha. Woolley alidhani walikunywa sumu kwa hiari. Uchunguzi wa baadaye wa mafuvu mawili ulionyesha mapigo ya kitu kizito.

Msichana mmoja hakuwa na utepe wa fedha kichwani kama wenzake. Utepe wake ulipatikana kiunoni, umekunjwa vizuri, kana kwamba alichelewa na hakuwahi kuufunga.

21. Waliamini nini kuhusu maisha baada ya kifo?

Wafu walishuka *kur-nu-gi*, nchi isiyo na kurudi, penye giza na vumbi. Hali ya marehemu ilitegemea waliobaki kumwagia maji na kumpa chakula, na familia nyingi ziliwazika wafu wao chini ya sakafu ya nyumba, wakawa karibu nao.

Katika shairi moja la Kisumeri, Gilgamesh, mfalme wa Uruk, anamuuliza rafiki yake Enkidu alichokiona huko. Mwenye mtoto mmoja wa kiume analia. Mwenye wawili ameketi juu ya matofali mawili, anakula mkate. Hali inazidi kuwa njema kadiri wana wanavyoongezeka, hadi mwenye saba, aliyeketi pamoja na miungu wadogo. Kisha Gilgamesh anauliza habari za watoto wake waliozaliwa wafu, wasiopata hata kujijua. Enkidu anamjibu kwamba amewaona. Wanacheza kwenye meza ya dhahabu na fedha, yenye asali na samli.